Lebo Iliyotangulia Jina

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amenipigia simu mara tatu nikiwa kikaoni. Mbili nimekata. Ya tatu nimetoka nje kupokea, maana dada wa mume ukimkatia simu mara tatu, kesi inahamia sebuleni kwa mama mkwe.

Alikuwa maabara, mashine zinanguruma nyuma yake. Anasema ukurasa wa kuandikisha damu, ule ofisi yetu ya programu iliowatengenezea, umemtolea lebo ya mtu mwingine. Ameskani kichupa cha mgonjwa huyu, printa ikatema jina la yule aliyemtangulia! Bahati nzuri ameliona. Ameichana, ameskani upya, ikatoka sawasawa. Akauliza, wifi, hiyo kompyuta yenu imeanza kulewa asubuhi?

Nikacheka. Nikamwambia kompyuta ni nzima, wasiwasi wangu ni mikono yake. Pale maabara wanamwita Mikono Sita. Wenzake wakiandikisha vichupa kumi kwa dakika, yeye ishirini na tano — skana kulia, vichupa kushoto, na bado anapata nafasi ya kunisimanga kwamba mimi nalipwa kwa kukaa. Nikasema, utakuwa umekiskani kile cha kwanza mara mbili bila kujua. Punguza kasi kidogo.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea kwake, huenda. Huenda ni mimi.

Nikarudi kikaoni najiona mshindi. Miaka saba nimeolewa katika familia hii, na leo ndiyo mara ya kwanza wifi kukubali kosa mbele yangu! Nimemsimulia mume wangu wakati wa chakula. Akasema niandike tarehe. Basi nimeandika.


Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka kwa mama mkwe sasa hivi. Wifi amesimamishwa kazi.

Naandika nilivyoelewa. Jumatatu asubuhi mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikwenda hospitali, anachoka tu bila sababu, akatolewa damu. Majibu yakaja kwamba sukari iko juu kupita kiasi. Akapewa vidonge, akaanza kuvimeza jioni ileile. Jana akaanguka kwenye ngazi za shule mbele ya darasa lake zima. Mkono umevunjika, na alikaa muda mrefu hajitambui. Walipompima tena — hana kisukari, hajawahi kuwa nacho! Vile vidonge ndivyo vilivyomshusha.

Wakafuatilia. Jina lake limebandikwa kwenye vichupa viwili: chake, na cha mzee mmoja mwenye kisukari aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari. Majibu ya pili yakafunika ya kwanza. Mzee naye akaambiwa damu yake haionekani, arudi wiki ijayo. Aliyeandikisha vichupa vyote viwili ni Mikono Sita. Ilikuwa saa tatu na robo, kabla hajanipigia simu. Lebo aliyoiona na kuichana ilikuwa ya pili kukosewa asubuhi ile. Ya kwanza ilikuwa imeshampita.

Mama mkwe analia bila sauti, anapangusa meza isiyo na kitu. Mume wangu ameshika tama. Aliyekuwa akiongea ni wifi peke yake, tena mbio mbio, kama anavyofanya kila jambo. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Ikimtia hatiani, leseni inakwenda. Miaka kumi na minne kazini!

Mama mkwe akanigeukia. "Mkwe wangu, wewe ndiye unayezijua hizo kompyuta. Haiwezekani ikawa ni hiyo mashine?"

Nikafungua mdomo. Wifi akaniwahi. "Mama, nilishamuuliza. Ni mimi. Mikono yangu ina haraka."

Hili naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma: kabla ya huruma kulikuwa na kitu kingine. Cha muda mfupi, dakika moja hivi. Nilifurahi. Huyu anayenicheka kila tukikutana kwamba kazi yangu ni kubonyeza vitufe, leo yuko kimya mbele ya mama yake! Kisha nikatazama chini ya meza nikaona amevaa viatu viwili tofauti. Hajui hata kama amevivaa. Ile furaha ikageuka aibu, na hadi sasa haijaisha.


Ijumaa, 7 Machi

Bosi ameniita mapema. Hospitali imeandika barua, inaomba ripoti ya kitaalamu kwamba ukurasa wa kuandikisha damu unafanya kazi ipasavyo. Kamati inaihitaji. Bosi anataka niiandike mimi, maana ndiye niliyeutengeneza. Kurasa mbili zinatosha, na muhuri.

Nikamwambia mhusika ni wifi yangu. Nikaongeza, maskini, mwenyewe amekubali kosa, hana ubishi. Nilidhani namtetea kwa unyoofu wake. Bosi akasema pole sana, kwa hiyo utaandika kwa uangalifu zaidi.

Nilianza kuandika bila hata kuufungua ukurasa wenyewe. "Mfumo umekaguliwa na..." Hapo aibu ikanishika. Angalau nikague basi! Nikafungua mistari ya programu niliyoandika Januari.

Sikuhitaji kuisoma mara mbili.

Nimejifungia chooni robo saa, bomba nimeliacha wazi. Kobe — ndiye anayetupimia programu kabla hazijatoka, mpole, mwangalifu, haendi popote bila daftari — alikuja kugonga mlango akidhani naumwa. Nikasema tumbo.


Jumamosi, 8 Machi

Labda nilisoma vibaya. Nimejiambia hivyo tangu jana. Kwa hiyo leo asubuhi nimejaribu.

Nilikuja nyumbani na skana ya ofisi na ile printa ndogo. Vichupa sina. Nimechukua pakiti ya biskuti na boksi la sabuni, maana vyote vina zile alama za mistari. Biskuti nimeiandikisha kama mgonjwa wa kwanza, sabuni kama wa pili. Mtandao nimeupunguza makusudi kila ikifika zamu ya sabuni, uwe mzito, kama ule wa hospitali Jumatatu asubuhi wagonjwa wakiwa wamejaa.

Kwanza polepole. Biskuti, nikahesabu hadi tano, sabuni. Printa ikagoma, haikutoa kitu. Nikaskani sabuni tena, ikatoa jina sahihi. Kisha haraka, kama wifi. Biskuti-sabuni! Lebo mbili zikatoka. Zote mbili zimeandikwa biskuti.

Nimerudia mara ishirini. Mara kumi na saba sabuni imekuwa biskuti.

Mume wangu alisimama mlangoni akinitazama, anacheka, anauliza tumefungua duka lini? Nikacheka naye. Alipoondoka nikalaza kichwa juu ya meza.

Nijieleze mwenyewe, labda nikiandika itakuwa nyepesi. Ukiskani kichupa, ukurasa unatakiwa kufanya vitendo viwili. Kwanza uiulize seva, kompyuta kuu inayotunza majina: namba hii ni ya nani? Seva iko mbali, jibu lina safari, na hakuna ajuaye safari itachukua muda gani. Jibu likifika, jina linakaa kwenye ukurasa. Pili, uchapishe lebo kwa jina lililopo. Kitendo cha pili kisianze hadi cha kwanza kimalize. Ndivyo nilivyoandika tangu mwanzo, na ndivyo mtu mwenye akili timamu anavyoandika.

Lakini watu wa maabara walilalamika kwamba ukurasa ni mzito. Na aliyelalamika kuliko wote, kila Jumapili, mbele ya mama mkwe, ni wifi. Nami nikataka kumfunga mdomo. Januari nikaiondoa ile amri ya kusubiri. Neno moja tu! Vitendo viwili vikawa vinaondoka pamoja. Printa inachukua kama nusu sekunde kuamka, na katika nusu sekunde hiyo jina lilikuwa linawahi kufika. Kwenye meza yangu liliwahi kila mara. Nikapongezwa. Hata wifi alinitumia ujumbe: "Leo mmefanya kazi."

Mtandao ukizidiwa, jina haliwahi. Lebo inachapishwa kwa jina lililokuwepo, la mtu aliyetangulia. Anayefanya kazi taratibu anaokoka, kwa sababu baada ya sekunde tatu jina la zamani hujifuta, na printa hukataa kuchapisha patupu. Tangu Januari wamekuwa wakitupigia kwamba printa inagoma mara mojamoja. Tukawaambia waipanguse vumbi.

Ili ukurasa ukudanganye ni lazima uwe na kasi ya ajabu. Katika maabara ile yote, mwenye kasi hiyo ni mmoja.


Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Kobe. Sikuweza kukaa nalo peke yangu.

Nilimwonyesha biskuti na sabuni. Kobe si mtu wa kushtuka. Alitazama, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasema rudia. Nikarudia. Akakaa chini. Yeye ndiye aliyeupima ukurasa ule Januari, tena kwa siku tatu. Kila kichupa alikisoma namba, akakiskani, akaandika daftarini, ndipo akashika kingine. Asingeliona kosa lile hata angepima mwaka mzima. "Dada," akasema, "mimi nilipima kama mimi. Nilitakiwa kupima kama wao."

Tukafungua kumbukumbu za seva za tarehe tatu. Zipo. Saa tatu na dakika kumi na nne: namba ya mwalimu imeulizwa, jina limejibiwa, lebo imechapishwa. Sekunde mbili baadaye: namba ya mzee imeulizwa. Lebo imechapishwa. Ndipo jina la mzee likafika. Limefika salama kabisa, kuchelewa tu. Wifi hakuskani kitu mara mbili. Aliskani kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Nimezinakili zote, naye Kobe amenakili.

Nikapiga moyo konde, tukaingia wawili kwa bosi. Nikasema yote bila kupumua. Bosi alisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akaamka akafunga mlango. Akauliza nani mwingine anajua. Akauliza kurekebisha kutachukua muda gani. Nikasema siku moja.

"Basi rekebisheni leo, kesho muupandishe mtandaoni kabla maabara haijafungua. Kimyakimya. Halafu Ijumaa nipe ripoti."

Nikamwuliza niandike nini.

"Ukweli! Wameuliza kama mfumo una hitilafu. Ijumaa utakuwa na hitilafu?"

Nikasema hautakuwa nayo.

"Basi andika hauna. Hakuna aliyeuliza habari za wiki iliyopita."

Kobe akakohoa. Bosi akamtazama, akasema ofisi hii ina watu tisa, na hospitali nyingine mbili zinaungojea ukurasa huu huu. Zikisikia neno moja tu, tufunge virago. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa: na wifi yako, si umeniambia mwenyewe kwamba amekubali?

Nilimwambia mwenyewe. Kweli. Na wifi alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni mikono yake. Maneno yangu yamezunguka mji mzima yamerudi kunikaba.


Jumanne, 11 Machi

Foleni! Ndiyo dawa yake. Nimeandika foleni. Kila kitendo kinashika nafasi, hakuna kinachoanza hadi cha mbele yake kimalize. Jina la kwanza, lebo ya kwanza, ndipo jina la pili, lebo ya pili. Uskani haraka utakavyo, vichupa vitajipanga. Nilijaribu biskuti na sabuni mara mia, zikatoka sahihi mara mia. Saa kumi na mbili asubuhi nikaupandisha. Kidogo nicheze.

Saa mbili na dakika arobaini maabara wakapiga. Hakuna lebo inayotoka. Hata moja!

Mtandao wao ulikatika sekunde chache tu. Ombi moja likapotea njiani, halikujibiwa, na kwa kuwa halikumaliza, yote ya nyuma yake yakasimama. Vichupa kumi na tisa vikimngoja mtu ambaye haji. Binti aliyewekwa kwenye nafasi ya wifi alikuwa analia kwenye simu, wagonjwa wanamgombeza dirishani. Akasema Mikono Sita angekuwepo angeshajua la kufanya.

Kobe akaja na kiti chake akakaa kando yangu. Tukaandika tena: kitendo kikishindwa, kitoke pembeni na maandishi mekundu ili mtu akione, vingine vipite. Saa nne tukawa tumemaliza. Mara hii Kobe alipima kwa mikono miwili, haraka, jasho linamtoka, daftari amelitupa chini ya meza. Sijawahi kumwona hivyo. Hakuna lebo iliyokosea.

Kwa hiyo programu imepona. Haikuchukua hata siku mbili. Na huko maabara hakuna anayejua kama ilikuwa inaumwa.


Jumatano, 12 Machi

Mume wangu ameuliza mbona siku hizi sili. Nimesema kazi. Akasema, na wewe usije ukaugua, dada peke yake anatutosha.

Nikatoa sahani mezani.


Ijumaa, 14 Machi

Nimetia sahihi.

"Mfumo umekaguliwa na haujaonyesha hitilafu yoyote katika uandikishaji wa sampuli." Niliiandika mara sita, na kila mara nilitafuta neno moja la uongo ili nikatae. Hakuna! Kila neno peke yake ni safi. Saa nne nikatia sahihi, bosi akagonga muhuri.

Kobe alipita nyuma ya kiti changu. Alitazama ule muhuri, akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Mchana nikaenda hospitali. Sijui nilitaka nini. Wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Ni mwanamke wa umri wangu. Plasta ya mkono imejaa michoro ya wanafunzi wake, jua lenye miguu, paka, jina lake kwa herufi za kupinda. Alikuwa anajaribu kusahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto na anajicheka mwenyewe. Muuguzi akaniuliza, wewe ni nani yake?

Nikasema nimekosea wodi.

Nilirudi ofisini karibu nakimbia. Niliamua nikiwa njiani kwamba nitaichukua ile ripoti, naichana, liwalo na liwe. Bosi akasema imeshatumwa, tarishi ameondoka nayo saa sita.

Na mimi nikashusha pumzi. Nilipata nafuu! Moyo wangu ulifurahi kwamba nimechelewa. Hapo ndipo nilipojiogopa kweli.


Jumapili, 16 Machi

Saa tisa alasiri. Wifi yuko chumbani kwetu, anapiga pasi koti lake jeupe la kesho. Mimi niko mezani, kompyuta mbele yangu, daftari hili pembeni. Natakiwa kuandika huko. Naandika huku.

Amekuja mchana, peke yake. Amebisha hodi kama mgeni! Miaka yote huwa anaingia na kufungua sufuria kabla ya salamu. Nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kochi, mfuko kapakata. Mume wangu kampeleka mama yake kanisani kwenye maombi, wanamwombea yeye. Tumebaki wawili.

Nikamwuliza hali. Akasema yuko sawa, amelala vizuri. Utulivu wake ndio ulionitisha. Akasema, wifi, njoo nikuonyeshe kitu. Akachukua glasi zangu kwenye kabati, nane, akazipanga mezani. Akainua ya kwanza, akaiweka chini, akahesabu kwa midomo hadi tano. Akainua ya pili. Akahesabu. Mkono wake mmoja ulitangulia kwenye ya tatu, akaurudisha. Ameniambia anafanya hivyo kila asubuhi wiki nzima, kwa chupa tupu, mama akiwa sokoni. Anataka aiambie kamati kwamba amejirekebisha. "Nimeshuka hadi nane kwa dakika," akasema. "Nikirudi kazini hawatanikuta tena na haraka."

Nikasema wifi, acha. Akadhani namwonea huruma. Akaendelea hadi glasi ya nane.

Ndipo akasema shida iliyomleta. Mwenzake mmoja wa maabara amemshauri akiri kwa maandishi kabla ya kikao. Wanaokiri huwa hawanyang'anywi leseni moja kwa moja, labda mwaka mmoja nje, labda onyo. Wakibisha na ripoti ya wataalamu inaonyesha mashine ni nzima, ndiyo basi. Ripoti ameiona. Wamempa nakala. Akasema, nimeona sahihi yako pale chini, nikasema afadhali, angalau aliyekagua ni mtu wetu, hawezi kunionea.

Hakuwa ananipiga kijembe. Namjua akipiga kijembe. Alimaanisha.

Barua anataka nimwandikie mimi, kwa sababu yeye akiandika maneno yanakimbia. Nikawasha kompyuta. Sikujua la kufanya zaidi ya kuwasha kompyuta. Akasimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, akanitajia: Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu. Kuhusu: Kukiri kosa la tarehe tatu Machi.

Kisha akasema, "Wifi, nikuombe radhi. Nimekusimanga sana kwamba kazi yako ni ya kukaa. Wiki hii nimefikiri. Na nyinyi mkikosea, si mtu anaumia vilevile? Mnalalaje?"

Nilisema hatulali.

Akacheka kidogo. Akasema, basi tuko sawa. Endelea, anza na Mimi, mtaalamu wa maabara, nakiri kwamba kosa ni langu. Hayo mengine pamba unavyojua, wewe una maneno. Akaenda kuwasha pasi.

Nimeandika "Mimi". Nikaandika "mtaalamu", nikafuta. Nikaandika tena, vidole vikagoma, nikafuta. Nimefikiria kumwita nimwambie kwa mdomo, hapa hapa, kabla mume wangu hajarudi. Nimefikiria mama mkwe atakavyonitazama. Watu tisa wa ofisini nao nimewafikiria, mmoja mmoja, hata yule mfagiaji. Nimefikiria kwamba kesho saa tatu kikao kinaanza na barua ikishapokelewa haifutiki, kwa hiyo lazima kitu kimoja kitangulie kingine, na sina tena siku ya kuahirishia.

Sasa kwenye kioo cha kompyuta pameandikwa hivi: Mimi, mtengenezaji wa ukurasa wa kuandikisha damu, nakiri kwamba kosa ni langu.

Nimeutazama mstari huo muda wote nilioandika haya.

Wifi anaongea kutoka chumbani, mvuke unapiga kelele, anauliza nimefika wapi. Nimejibu nimemaliza mstari mmoja. Amesema basi nimsomee kwa sauti, asikie kama umekaa sawa.

Mstari upo. Sijaufuta. Sijamsomea pia. Ameuliza mara ya pili, na sasa nasikia anaichomoa pasi ukutani.